Mazungumzo ya Nyumbani: Kazi ya Leo na Furaha ya Leo

Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya neno linalomhusu kila mwenye mikono na akili, nalo ni kazi: jinsi mtu awezavyo kuifanya ikamalizika, nayo isimwondolee furaha yake.

Wako watu wengi waamkao mapema na kurudi usiku wamechoka, na ukiwauliza, "Leo mmefanya nini?" hawana la kujibu. Si wavivu hao. Mchana kutwa wamekwenda huku na huku. Wameanza mambo matano, wala hawakumaliza hata moja. Wahenga walisema kwamba mshika mawili, moja humponyoka. Basi mshika matano atabakiwa na nini? Wako na wengine wamalizao kazi zao vizuri na kupata ujira wao, lakini waingiapo nyumbani huingia na uso uliokunjamana, na watoto wakisikia kishindo cha miguu yao mlangoni, hunyamaza. Tena wako wa namna ya tatu, wasemao, "Nitafurahi nikiisha kujenga", wakiisha kujenga husema, "Nitafurahi watoto wakiisha kusoma." Furaha ya watu hawa ni kama upeo wa macho baharini: chombo kikiusogelea, nao huzidi kwenda mbele.

Kazi isiyo na mwisho, kazi isiyo na furaha, na furaha iahirishwayo kila siku: magonjwa haya matatu yana dawa, nayo si ya mbali. Sisi hatukuitunga. Tutawasimulia habari za mtu mmoja aliyeitafuta kwa miaka mingi, akaandika kwa mkono wake jinsi alivyofanya na jinsi alivyoshindwa. Wala hatutayaficha mahali alipopungukiwa, maana pengine hapo ndipo tutakapojifunza zaidi kuliko penye sifa zake.

Kijana aliyechukia mishumaa

Mtu huyo ni Benjamin Franklin. Alizaliwa mwaka 1706 katika mji wa Boston, huko Marekani, siku ambazo nchi ile ilikuwa bado chini ya utawala wa Uingereza. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa mishumaa na sabuni. Mzee huyo alioa, mkewe akafariki, akaoa tena, na kwa wake hao wawili alijaliwa watoto 17, naye Benjamin alikuwa wa 15. Mtoto alisoma shuleni miaka miwili tu. Alipotimiza miaka 10 akaondolewa, apate kumsaidia baba yake kukata tambi na kumimina shahamu katika kalibu. Kazi ile hakuipenda hata kidogo. Moyo wake ulikuwa baharini, akitamani kuwa baharia, hata baba yake akaogopa kwamba siku moja atatoroka.

Sasa angalieni alivyofanya mzee yule. Hakumpiga mwanawe, wala hakumwambia kwamba kazi ni kazi na anyamaze. Alimchukua wakatembea pamoja mjini, wakawatazama maseremala, waashi, wakereza na wafua shaba wakishughulika na kazi zao. Na mtoto alipokuwa akiwatazama mafundi, baba alikuwa akimtazama mtoto, apate kujua moyo wake waelekea wapi. Mwisho aliona kwamba kijana apenda vitabu kupita vitu vyote. Basi alipokuwa na umri wa miaka 12, akamweka awe mwanagenzi kwa kaka yake aliyekuwa mpiga chapa. Matembezi yale hayakugharimu hata senti moja, lakini yalimpa mtoto kazi aliyoipenda. Wazazi wenye vijana wa umri ule waweza kufanya vivyo hivyo hata leo, kabla hawajamlaumu kijana kwa uvivu. Huenda si mvivu, ila hajaiona kazi yake.

Mwaka 1723 kijana alikosana na kaka yake, akaondoka kwa siri, akafika mji wa Philadelphia hana ndugu wala rafiki, na fedha zake chache. Alinunua mikate mitatu mikubwa, akala mmoja, na ile miwili akampa mwanamke mmoja na mtoto wake waliosafiri naye mashuani. Baada ya miaka mitano, yaani mwaka 1728, alifungua kiwanda chake cha kupiga chapa, yeye na mwenzake mmoja.

Kazi yenye kipimo

Katika siku zile herufi zote zilikuwa vipande vidogo vya madini, navyo vilipangwa kwa mkono kimoja kimoja, mpaka ukurasa ukatimia; kisha hufungwa katika fremu, hupakwa wino, hupigwa chapa. Franklin alipopewa kitabu kimoja kikubwa akichape, alijiwekea kipimo: kila siku apange karatasi moja nzima, isipungue. Usiku mmoja, alipodhani kwamba kazi ya siku ile imekwisha, fremu ilivunjika kwa bahati mbaya, na kurasa mbili zikamwagika, herufi zikawa chungu moja lisilosomeka. Mwingine angalisema, "Tutaonana kesho." Yeye alikaa, akazichambua herufi zote, akazipanga upya tangu mwanzo, ndipo alipokwenda kulala.

Watu wa mji waliiona taa yake ikiwaka usiku, na asubuhi walimkuta yuko kazini kabla wao hawajatoka vitandani, wakaanza kumwamini na kumletea kazi zao. Tena hakuona haya kwa kazi ya mikono. Alipokwisha kununua karatasi madukani, aliyekuwa mwenye kiwanda alizipakia mwenyewe katika gari la mkono, akalisukuma njiani mchana, watu wakimtazama.

Wala asidhani msomaji kwamba alijenga peke yake. Mwaka 1730 alimwoa Deborah Read, naye mama huyo alikuwa mkono wa pili wa kazi ile. Alikunja karatasi na kuvishona vijitabu, aliuza dukani, alinunua matambara makuukuu ya kitani ya kuwauzia watengenezaji wa karatasi. Nyumbani mwao hamkuwa na anasa. Kwa muda mrefu bwana alikula mkate na maziwa asubuhi katika bakuli la udongo, kwa kijiko cha bati. Siku moja akaitwa kula, akakuta bakuli la kauri na kijiko cha fedha. Mkewe alikuwa amevinunua kwa shilingi 23, wala hakutoa udhuru ila huu, kwamba mume wake naye astahili kijiko cha fedha kama mmoja wa majirani. Franklin alipoandika habari hii katika uzee wake, hakuiandika kwa hasira. Twaona kwamba alifahamu: mke aliyefanya kazi miaka mingi bila kujitafutia faida, siku ile alitaka kumheshimu mumewe, na heshima nayo ni chakula cha nyumba.

Kitabu kidogo

Alipokuwa bado hajafika miaka 30, Franklin alikusudia jambo kubwa kupita uwezo wake: kuziacha kasoro zake zote. Upesi aliona kwamba akilinda huku, kosa huingia kule, maana mazoea huwahi kabla ya fikira. Basi akatafuta utaratibu.

Aliandika orodha ya tabia njema 12: kiasi katika kula na kunywa, kunyamaza penye maneno ya upuzi, utaratibu, kutimiza alilolikusudia, kutofuja mali, bidii, unyofu, haki, kutopita kadiri katika jambo lo lote, unadhifu, utulivu wa moyo, na usafi wa mwenendo. Rafiki mmoja akamwambia kwa upole kwamba watu wamwona ana kiburi. Hakukasirika, akaongeza ya 13, unyenyekevu.

Kisha akatengeneza kitabu kidogo, kila tabia na ukurasa wake. Katika kila ukurasa alipiga mistari, siku saba kwa upana, na zile tabia 13 kwa urefu. Kila jioni alijihoji, na penye kosa akatia doa jeusi. Lakini hakupigana vita vyote kwa siku moja. Juma moja aliangalia tabia moja hasa, na nyingine akaziacha ziende kama kawaida yake. Juma la pili akashika ya pili. Alijifananisha na mtu apaliliaye bustani, asiyejaribu kung'oa magugu yote kwa mara moja, bali hushika tuta moja, akilimaliza ndipo aingiapo tuta la pili. Kwa majuma 13 alimaliza mzunguko mmoja, na kwa mwaka mizunguko minne. Bandu bandu, huisha gogo.

Kwa kuwa alifuta madoa ya zamani kila alipoanza mzunguko mpya, karatasi zilitoboka. Akahamisha hesabu yake kwenye kurasa za pembe za ndovu, mistari akaipiga kwa wino mwekundu, na madoa akayatia kwa kalamu ya risasi, yapate kufutika kwa sifongo lenye maji.

Ndani ya kitabu kile mlikuwa na ratiba ya siku moja, nayo twapenda kuieleza kwa saa zetu. Aliamka saa 11 alfajiri. Tangu saa ile hata saa 2 alinawa, alisali, alipanga shughuli za siku, alisoma kidogo, alikula. Saa 2 hata saa 6 alifanya kazi. Saa 6 hata saa 8 alisoma, aliangalia hesabu zake, akala chakula cha mchana. Saa 8 hata saa 12 jioni alifanya kazi tena. Saa 12 hata saa 4 usiku alirudisha kila kitu mahali pake, akala, akajiburudisha kwa muziki na mazungumzo, akaichungua siku yake. Kisha alilala mpaka alfajiri.

Hesabuni wenyewe. Kazi ilipewa saa 8, usingizi saa 7, na saa 9 zilizobaki zilikuwa za mwili, akili, chakula na watu. Mtu huyu asifiwaye kwa bidii katika ulimwengu wote hakuipa kazi siku yake nzima. Na katika milango miwili ya siku aliweka maswali mawili. Asubuhi alijiuliza atatenda jema gani leo. Jioni alijiuliza ametenda jema gani leo. Hakujiuliza amepata fedha ngapi, wala amechoka kiasi gani.

Shoka lenye madoa

Msomaji atauliza, "Je, alifaulu?" Twamjibu: hapana, hakufaulu kama alivyokusudia. Alistaajabu kuona ana kasoro nyingi kuliko alivyodhani. Na lililomshinda kupita yote ni utaratibu. Alikuwa na akili yenye kukumbuka sana, kwa hiyo hakuzoea kuweka vitu mahali pake. Tena mwenye kiwanda hawezi kuitawala siku yake sawasawa, maana wateja huja kwa saa zao wenyewe, si kwa saa zake. Karibu akate tamaa. Mama mwenye watoto wadogo, mwuguzi, mwenye duka na mwalimu wamjua mteja huyo asiyebisha hodi.

Franklin alijilinganisha na mtu mmoja aliyenunua shoka kwa mhunzi. Mtu huyo alitaka uso wote wa shoka ung'ae kama makali yake. Mhunzi akakubali, ila kwa sharti kwamba mteja mwenyewe alizungushe gurudumu la jiwe la kunolea. Basi mteja akazungusha, na mhunzi akalikandamiza shoka kwa nguvu juu ya jiwe, kazi ikawa nzito. Kila mara yule mteja aliacha gurudumu, akaja kutazama. Mwisho akasema kwamba atalichukua vivyo hivyo. Mhunzi akamwambia azidi kuzungusha, maana litang'aa kidogo kidogo. Sasa lina madoadoa tu. Mteja akajibu kwamba yeye hasa apenda shoka lenye madoadoa.

Franklin alicheka, lakini aliifahamu hatari ya mfano ule: wengi huacha vita, kisha husema kwamba ndivyo walivyopenda tangu mwanzo. Yeye hakuacha. Kwa miaka mingi alikichukua kitabu chake kila aliposafiri. Alipokuwa katika mwaka wa 79 wa umri wake, aliandika kwamba ukamilifu hakuufikia, wala hakuukaribia, lakini kwa kule kujitahidi tu alikuwa mtu mwema zaidi na mwenye furaha zaidi kuliko ambavyo angalikuwa. Hapo twaona tofauti ya watu wawili wenye mashoka mamoja. Mmoja ameridhika na madoa, ameliweka gurudumu chini. Wa pili ana madoa, lakini gurudumu lazunguka bado. Furaha ni ya huyu wa pili.

Mstari uliokosekana

Sasa tufike mahali alipopungukiwa. Mwaka 1748, mwenye umri wa miaka 42, Franklin aliacha kazi ya kila siku ya kiwanda, akajitoa kwa elimu na mambo ya nchi. Kwa ajili hiyo alitumwa Uingereza, akakaa huko tangu 1757 hata 1762. Mwaka 1764 alikwenda tena. Deborah aliogopa kuvuka bahari, akabaki Philadelphia akiangalia nyumba na mali. Barua zilikwenda na kurudi. Miaka ikapita, mmoja, miwili, mitano, kumi. Mwezi wa Desemba 1774 mama yule alifariki, na mumewe yuko London bado. Hawakuonana tena.

Hatukuletewa neno hili tumhukumu mtu aliyekwisha kufa. Lakini tazameni tena orodha ile ya tabia 13. Bidii imo, akiba imo, unadhifu umo. Mstari wa mkewe na watoto wake haumo. Jambo lisiloandikwa katika hesabu ya jioni ni rahisi kulisahau, hata kwa mtu mwenye akili nyingi.

Tena lilikosekana jingine, nalo sisi tulio wenyeji wa nchi zilizopitiwa na misafara ya watumwa hatuwezi kulipita kimya. Haki ilikuwamo katika kitabu chake, lakini nyumbani mwake, kwa miaka mingi, mlikuwa na watumwa, na gazeti lake lilichapa matangazo ya kuuzwa kwao. Uzeeni alibadilika. Mwaka 1787 alikuwa rais wa chama cha Pennsylvania cha kupinga utumwa, na mwezi wa Februari 1790 alitia sahihi ombi lililopelekwa bungeni utumwa ukomeshwe. Akafariki mwezi wa Aprili mwaka ule ule, umri wake miaka 84. Mtu aweza kutia madoa katika kitabu chake kila jioni kwa uaminifu, asilione kosa lililokaa naye nyumba moja. Ndiyo sababu twahitaji rafiki wa kutuambia, kama yule aliyemwambia habari ya kiburi.

Ushuhuda wa siku hizi

Pengine mmoja wenu atasema kwamba hayo ni mambo ya kale. Basi tusikilize wenye elimu wa siku zetu, ambao wameyachunguza mambo haya kwa subira.

Bibi Teresa Amabile, wa Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na mwenzake Steven Kramer, waliwaomba wafanya kazi 238 wa makampuni 7 waandike kila siku habari za kazi yao na za mioyo yao. Wakapata maandiko ya siku karibu 12,000. Katika kitabu chao cha mwaka 2011 walieleza waliyoyaona: kilichowafurahisha watu kazini kupita mengine ni kuona kwamba kazi yenye maana imesogea mbele, ijapokuwa kwa hatua ndogo. Hilo ndilo Franklin alilolijua kwa karatasi yake moja kwa siku.

Nao Amy Wrzesniewski na Jane Dutton, katika maandishi yao ya mwaka 2001, walieleza habari za wafagiaji wa hospitali moja. Wote walikuwa na kazi moja. Wengine walisema kwamba kazi yao ni kusafisha tu, nao hawakuipenda. Wengine walizungumza na wagonjwa, waliwaelekeza wageni, walipanga kufagia kwao kusiwasumbue wauguzi. Hao walijiona kuwa nao ni watu wa kuponya, na kazi ikawa tamu kwao. Fagio lilikuwa lile lile.

Tena karibu na Boston, mji aliozaliwa Franklin, ulianzishwa uchunguzi mwaka 1938 ambao umeendelea zaidi ya miaka 80. Walifuatwa wanaume 724, wengine wanafunzi wa Harvard, wengine vijana wa mitaa ya maskini. Wakaulizwa habari zao tangu ujana hata uzee. Jambo lililoonekana wazi ni kwamba waliokuwa na mapatano mema na wake zao, jamaa zao na rafiki zao ndio walioishi na furaha na afya zaidi. Hapo twauona ule mstari uliokosekana.

Mashauri yetu

Basi twawapa mashauri machache, kila mtu achukue limfaalo.

Kwanza, weka kipimo cha kazi ya leo, nacho kiwe kidogo kiasi cha kuweza kumalizika. Usiseme, "Leo nitalima shamba." Sema, "Leo nitalima mpaka kwenye mwembe." Ukifika mwembeni, simama, tazama nyuma, uone ulipotoka. Fundi wa nguo na aseme ni shati ngapi. Mwalimu na aseme ni madaftari mangapi. Kazi isiyo na mpaka haina jioni.

Pili, ujue kazi yako yamfikia nani. Ashonaye sare na amfikirie mtoto atakayeivaa Jumatatu. Aandikaye hesabu ofisini na amfikirie mzee aliyekaa nje benchini akingoja karatasi yake.

Tatu, shika tabia moja kwa juma moja. Daftari la shule lenye mistari latosha, na kalamu moja. Usianze na 13. Anza na ile ambayo mkeo au mumeo angalikuchagulia. Kama hujui ni ipi, muulize, nawe usikasirike atakapojibu.

Nne, linda saa za jioni. Siku hizi simu ya mkononi imeingia mahali pa yule mteja asiyebisha hodi. Huita wakati wa chakula, nasi huinuka. Franklin jioni alirudisha vitu mahali pake. Na simu pia ina mahali pake: rafuni, mpaka watoto walale.

Tano, ongeza mstari wa 14, wa watu wa nyumbani. Usiku, unapojiuliza umetenda jema gani leo, jibu kwanza habari za waliolala chini ya dari yako. Je, umemwambia mama wa watoto neno moja jema? Je, umemsikiliza mtoto mpaka alipomaliza kusema? Mwenye kufanya kazi mbali, migodini, mijini au ng'ambo ya bahari, amepeleka fedha, vema. Lakini amepeleka na sauti yake, na siku ya kurudi ameitaja? Miaka kumi hupita mmoja mmoja, wala hakuna mwaka hata mmoja usemao kwamba ndio wa mwisho.

Sita, usingoje kung'aa kote ndipo ufurahi. Shoka lenye madoa hukata kuni, na kuni hupika chakula, na chakula huliwa na watu wanaocheka. Zungusha gurudumu kesho tena.

Wasomaji watakaolijaribu daftari hili na watuandikie baada ya majuma manne, watuambie walianza na tabia gani, na nyumbani walisema nini. Majibu yatakayowafaa wengine tutayatia katika ukurasa huu, pasipo kutaja majina ya watu. Kwa sasa twawaaga, tukiwatakia kila mmoja kazi yenye jioni, na jioni yenye watu.